Mita Ngapi? Safari ya Mchoro wa Kitambaa Hadi Thika na Ruiru

Wengi wetu tukishika leso tunasoma jina lake kwanza, yale maneno ya kumkanya jirani au kumbembeleza mpenzi. Wachache huangalia ukingoni, penye maandishi madogo ambayo huishia ndani ya upindo nguo ikishonwa. Kwenye leso nyingi za Mombasa, maandishi hayo husema "K.H.E. – Mali ya Abdulla". K.H.E. ni Kaderdina Hajee Essak, nyumba ya biashara iliyoanza Mombasa mwaka 1887 na ambayo bado inauza leso mjini humo.

Maneno hayo madogo hayatuambii nani alichora lile ua wala ni mashine ya nchi gani iliyolichapa. Yanatuambia tu kwamba mchoro una mwenyewe. Kwa zaidi ya karne moja, mchoraji, mchapaji na mwagizaji walikuwa watu watatu tofauti, mara nyingi katika nchi tofauti, na aliyekuwa na sauti ni yule aliyeweza kujibu swali moja: unataka mita ngapi?

Siku hizi kijana wa Ruiru anaweza kukaa na kompyuta yake sebuleni akachora kitambaa kizima kabla ya chakula cha jioni. Watu husema basi, teknolojia imetukomboa. Wacha tuone. Ili kujua kompyuta imebadilisha nini hasa, inafaa turudi nyuma kidogo, hadi pwani.

Kabla ya leso kulikuwa na merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli kutoka Marekani na kulichukua jina la huko. Ilipotiwa rangi ya nili ikawa kaniki. Nguo hizo hazikuwa na mchoro wowote. Kisha kukawa na vitambaa vya mkono vilivyochapwa, ambavyo Wareno walikuwa wakiviita lenço, na ndipo tukapata neno leso. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walianza kununua vitambaa hivyo vikiwa havijakatwa, kisha wakavishona pamoja, vitatu juu na vitatu chini, vikawa vazi moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mpangilio huo: pindo pande zote nne, mji katikati, na baadaye jina, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa herufi tunazotumia leo.

Tazama ni nani aliyebuni hapo. Wazo la mpangilio lilitoka kwa mwanamke aliyeshika sindano. Lakini mashine haikuwa yake, wala haikuwa Mombasa. Kwa miongo mingi leso zilichapwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani. Kiwanda cha P.F. van Vlissingen cha mji wa Helmond, kile kinachojulikana leo kama Vlisco, kilikuwa kikichapa nguo za soko letu mwishoni mwa karne ya 19, pamoja na vitambaa vya nta vilivyoiga batiki ya Java, ambavyo ni mababu wa kitenge. Mfanyabiashara wa Unguja au Mombasa alipeleka maoni ya wateja, wachoraji wa Ulaya wakachora, shehena ikarudi kwa meli. Na ole wake ikifika wakati wanawake wameshachoka na mtindo ule! Marobota yangelala ghalani, kwa sababu mvaaji wa pwani hakuwa mtu wa kuchukua chochote alichowekewa.

Kwa hiyo mvaaji alikuwa na nguvu ya kukataa. Nguvu ya kuagiza hakuwa nayo. Hakuna mwanamke mmoja wa Lamu ambaye angeweza kumwandikia Mholanzi kwamba anataka leso kumi za mchoro wake mwenyewe kwa harusi ya bintiye. Sababu ilikuwa ndani ya mashine yenyewe.

Mwaka 1783 Mskoti Thomas Bell alipata hataza ya kuchapa kitambaa kwa roli za shaba zilizochongwa mchoro. Kila rangi ilihitaji roli yake, na kuchonga roli moja ilikuwa kazi ya mafundi ghali. Baadaye zikaja skrini, wavu uliozibwa sehemu fulani na kuachwa wazi sehemu nyingine, rangi ikapita penye uwazi tu. Mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru wa Kenya, kampuni ya Stork ya Uholanzi ilionyesha mjini Hannover mashine ya skrini za mviringo, ambayo ilizunguka bila kusimama na kuchapa kwa kasi ambayo skrini bapa hazikuiweza. Mashine za aina hiyo ndizo zilizotawala viwanda vya dunia kwa miongo iliyofuata.

Lakini hesabu haikubadilika. Mchoro wa rangi nane ni skrini nane. Zitengenezwe, zifungwe, zilinganishwe, rangi ichanganywe, na mita za kwanza zitupwe hadi rangi zote zikae mahali pake. Gharama hiyo ni ile ile uchape mita 60 au mita 6,000. Ukichapa mita 60, kila mita hubeba mzigo mara 100 ya ule ambayo ingebeba kwenye oda kubwa. Ndiyo maana kila kiwanda huwa na kiwango cha chini cha oda. Meneja si mtu mbaya. Anapiga hesabu tu.

Mchoro nao ulilazimika kuutii mwili wa mashine. Mzingo uliozoeleka wa skrini ya mviringo ni sentimita 64. Skrini ikimaliza mzunguko, inaanza tena pale pale, kwa hiyo ua lako lazima lirudie kila baada ya sentimita 64 au sehemu inayogawanya 64 sawasawa: 32, 16, 8. Ukiangalia pazia au shuka la kitanda lililochapwa kiwandani na ukapima kutoka ua moja hadi pacha wake, mara nyingi utakuwa umepima tumbo la mashine iliyolichapa.

Sasa tufike Thika. Reli kutoka Nairobi ilifika huko mwaka 1913, na mji una mito miwili, Chania na Thika. Wanaotia nguo rangi wanajua maana ya mto, kwani kuchapa pamba ni kuosha, kuosha na kuosha tena. Mwaka 1958, miaka mitano kabla ya uhuru, kilianzishwa hapo kiwanda cha Thika Cloth Mills, kilichokuja kufanya karibu kila hatua chini ya paa moja: kusokota uzi, kufuma kitambaa, kutia rangi, kuchapa na kumalizia. Ukanda wetu wote ulikuwa ukielekea huko. Tanzania ilifungua kiwanda cha Urafiki mjini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Kenya ikapata KICOMI kule Kisumu na Rivatex kule Eldoret. Hatimaye leso na kitenge vingeweza kuchorwa na kuchapwa hapa hapa, tena kwa pamba ya hapa.

Ruiru, chini kidogo kwenye barabara hiyo hiyo, ilishika njia nyingine. Viwanda vyake vinavyojulikana, kama Spinners & Spinners na Alpha Knits, ni vya uzi, sweta na mablanketi. Tofauti hiyo ni ya maana kwa mtu wa ubunifu. Mchoro wa kuchapa hupakwa juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa. Mchoro wa sweta au wa blanketi la mirabaraba hujengwa ndani, uzi kwa uzi, na huwezi kuufuta bila kufumua nguo. Katika kufuma, mashine ilianza kusoma maagizo mapema sana. Mfaransa Jacquard alitumia kadi zilizotobolewa kuongoza kitanda cha kufumia mwanzoni mwa karne ya 19, na mashine za kisasa za sweta husoma faili ya kompyuta. Kwa maana hiyo udijitali si mgeni kwa nguo. Ulianzia kwenye nguo, ukaenda kuzunguka dunia, ukarudi nyumbani.

Halafu ikaja miaka ya 1990. Serikali ililegeza masharti ya biashara, na mitumba ikamiminika. KICOMI na Rivatex zikaanguka pamoja na nyingine. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikafanyiwa ukarabati na kuzinduliwa upya mwaka 2019. Thika Cloth Mills haikufa. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kuziondolea nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru, na Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ilikataa, na mwaka 2018 ikaipoteza nafasi hiyo kwa upande wa nguo. Oktoba 2019 serikali ya Kenya ikaagiza watumishi wake wavae nguo zilizotengenezwa nchini kila Ijumaa.

Hadithi ya mitumba huelezwa kama msiba wa viwanda, na ni kweli. Lakini kuna jambo jingine ambalo mitumba ilitufanyia, nalo halisemwi sana. Ilitufundisha kupenda kipande kimoja. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kwenda Gikomba kungoja robota lifunguliwe anatafuta kamera, yaani ile nguo safi ya daraja la kwanza, na raha yake kubwa ni kwamba hatakutana na mwenzake aliyeivaa. Kizazi kizima cha Wakenya kimekua hivyo. Kiwanda kinachouza maelfu ya mita za ua moja hakina jibu kwa mteja kama huyo.

Upande wa pili, hamu ya kufanana haijaisha. Harusi zina sare zake, chama kina leso yake, kwaya ina kitenge chake. Chama cha akina mama 30 kinataka leso yenye jina lake na maneno yake, na mpaka juzi kililazimika kuchagua kutoka kwa kilichopo dukani. Anayetaka nguo ya peke yake na wale 30 wanaotaka kufanana wana shida moja: wote ni wachache mno kwa mashine ya skrini.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia, na ilingia polepole. Programu ya Illustrator ilitoka mwaka 1987 na Photoshop mwaka 1990, ila kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kuwasaidia wachoraji wa viwandani kuandaa skrini haraka zaidi. Mapinduzi yenyewe yalikuja printa za wino zilipojifunza kuchapa juu ya kitambaa moja kwa moja, kwanza kwa vipande vya majaribio katika miaka ya 1990, kisha kwa uzalishaji wa kweli katika miaka ya 2000. Printa haina skrini. Mita ya kwanza na mita ya elfu moja zina gharama karibu sawa.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mbunifu wa Ruiru ana mradi wa magauni 20, kila gauni mita tatu, jumla mita 60. Anataka mchoro wa nyumbani: tunda la kahawa, kwa sababu Ruiru imelipa jina lake aina maarufu ya kahawa, Ruiru 11, na jani la nanasi la mashamba ya Thika. Anachora kwa penseli, anapiga skani, anasafisha mistari, anapunguza rangi zibaki sita. Kisha anatengeneza kigae, kile kipande kitakachojirudia, na hapa ndipo kazi ilipo. Tunda likikatwa kwenye ukingo wa kulia, nusu yake lazima ianze kwenye ukingo wa kushoto mahali hasa panapolingana. Akivipanga vigae kama matofali, kimoja kikishuka nusu ya mwenzake, jicho halitaona mistari. Akiviacha vimesimama sambamba, ataona njia nyeupe zikikimbia kutoka bega hadi kwenye pindo la gauni, na hatajua zimetoka wapi.

Ukubwa nao una hesabu. Kigae cha sentimita 64 kwa nukta 150 kwa kila inchi kinahitaji pikseli zipatazo 3,780 kwa upande. Picha iliyotolewa kwenye WhatsApp haitafika huko. Na rangi ni mtihani mwingine, kwani kioo cha kompyuta hutoa mwanga na kitambaa hakitoi. Kijani kinachong'aa kwenye kioo kinaweza kutoka printani kikiwa kama mboga iliyochemshwa sana. Dawa ni moja, na ni ya zamani kuliko kompyuta: chapa kipande kidogo kwanza, kipeleke juani, kifue, kisha uamue.

Kuna uhuru mmoja ambao roli ya shaba haikuutoa kamwe. Mbunifu anaweza kuweka muundo wa gauni ndani ya kompyuta, kisha akachora juu ya kila kipande: jani lipande ubavuni, pindo lizunguke mkono, kifua kibaki wazi. Ukifikiri vizuri, hilo ndilo jambo ambalo leso imekuwa ikifanya tangu zamani. Leso haiuzwi kama kitambaa cha kukatwa popote. Pindo, mji na jina vina mahali pake mwilini, na mvaaji anajua. Waliotoa wazo hilo walikuwa wanawake wenye sindano, kabla ya umeme kufika Mombasa.

Sawa, faili iko tayari. Sasa ichapwe wapi?

Njia rahisi mjini ni ya karatasi na joto. Unachapa mchoro kwenye karatasi, unaulaza juu ya kitambaa, unabana kwa joto la karibu nyuzi 200, na rangi inageuka mvuke na kuingia ndani ya uzi. Mfaransa Noël de Plasse aliigundua mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiyo inayotengeneza jezi za timu za mtaani na vikombe vya zawadi. Haitaki maji na mashine zake hukaa kwenye chumba kimoja. Lakini inashika poliesta, haishiki pamba. Mchoro wa kahawa na nanasi utatoka vizuri sana kwenye nguo inayomfanya mvaaji atoke jasho jua la saa nane.

Pamba hutaka njia ndefu. Kitambaa hulowekwa kwanza katika dawa, mojawapo ikiwa ya jamii ya magadi, kikaushwe, kichapwe, kipigwe mvuke ili rangi ishikane na uzi, kisha kioshwe hadi maji yatoke safi. Printa ni sehemu moja tu ya mlolongo huo. Sehemu zilizobaki ni za kiwanda: boila, matangi, maji na mahali pa kuyasafisha kabla hayajarudi mtoni.

Kwa hiyo wabunifu wengi hufanya kilicho rahisi. Faili hutumwa China au India kwa dakika chache, na kitambaa hurudi baada ya wiki kadhaa kikiwa na ushuru mgongoni. Fikiria hilo kwa utulivu. Mwaka 1900 mchoro wa leso ulivuka bahari kwenda kuchapwa na ukarudi kwa meli. Leo mchoro unavuka bahari kwenda kuchapwa na unarudi kwa meli au ndege. Kilichofupika ni safari ya kwenda. Bado pesa ya mvuke na maji inabaki ng'ambo, wakati mvuke na maji ya namna hiyo vimekuwepo Thika tangu 1958, mwendo mfupi kwa matatu kutoka kwa yule mwenye faili.

Faili pia ina hatari ambayo skrini haikuwa nayo. Skrini nane za chuma ni nzito na hazifichiki mfukoni. Faili inanakiliwa bila kelele. Wakenya tumeonja uchungu huu: katikati ya miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kama alama yake ya biashara, kukawa na upinzani, na maombi hayo hayakufika mwisho. Mwaka 2012 mirabaraba inayojulikana duniani kama ya Wamaasai ilionekana kwenye mavazi ya wanaume ya Louis Vuitton. Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Kwa mchoro mpya wa mtu binafsi, Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 inaruhusu usajili wa miaka mitano, unaoweza kuongezwa mara mbili hadi kufika 15. Mwenye mchoro wa kahawa na nanasi ana haki hiyo, ila lazima asajili kabla ya kuuanika mchoro wake mtandaoni, kwa sababu sheria inataka kitu kipya. Yule mfanyabiashara wa 1887 hakuwa na intaneti ya kumwibia, na bado nyumba yake iliona umuhimu wa kuandika mali ya nani kwenye kila ukingo.

Nadhani tumekuwa tukiuliza swali lisilofaa. Tunauliza kama vijana wetu wanaweza kubuni kwa kompyuta, na jibu liko wazi. Ukanda huu una Chuo Kikuu cha Kenyatta kinachofundisha ubunifu wa mavazi, JKUAT iko Juja, Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika kwenyewe, na tangu 2012 barabara kuu mpya imeviunganisha vyote kama ushanga kwenye uzi. Uwezo wa kuchora hautatushinda. Kinachotushinda ni hatua ya baada ya kuchora.

Kiwanda kikubwa hakihitaji kugeuka karakana ya magauni 20 ili kusaidia. Kinaweza kuuza kile ambacho mbunifu hawezi kukinunua: saa moja ya mvuke, zamu moja ya kuosha, mita chache za pamba iliyotayarishwa kwa wino. Wabunifu kumi wenye mita 60 kila mmoja ni mita 600, na kwa kuwa printa haijali kama mchoro umebadilika katikati, faili zao kumi zinaweza kupangwa zikafuatana kwenye kitambaa kimoja kirefu na kupitia boila moja siku moja. Chama cha akina mama 30 kingepata leso yake. Mtu wa kamera angepata gauni lake la peke yake, jipya na si la mtumba.

Hilo likifanyika, swali la zamani litabaki pale pale kwenye dirisha la oda. Mbunifu wa Ruiru ataingia na faili yake, ataulizwa mita ngapi, atajibu sitini, na karani ataandika.